Nani Shahidi wa Usiku?

Mtu anazinduka saa tisa za usiku. Macho yanaona: paa la bati, chandarua, mwanga wa taa ya jirani unaopenya dirishani. Masikio yanasikia lori likikoroma kuelekea bandarini. Ila mkono haunyanyuki, ulimi haugeuki, na kifuani pamekaa kitu kizito. Kinakaa kidogo, kinaondoka, kinamwacha ameloa jasho. Waswahili wana neno kwa hicho kitu: jinamizi. Kunapokucha, katika chumba cha kupanga huko Kurasini, Dar es Salaam, mwenyewe anajiuliza: akamwambie nani?

Akienda zahanati, atapimwa presha na pengine malaria. Ni nadra kuulizwa usiku umekwendaje, maana foleni ni ndefu na kwenye daftari la wagonjwa jinamizi halina safu yake. Akienda kwa shehe, atasomewa dua na kukumbushwa asilale kabla ya kusoma Ayatul Kursi. Akienda kwa mchungaji, ataombewa. Akienda kwa mganga, huenda akafukiziwa ubani, akanyweshwa kombe lililoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya waridi, au akafungwa hirizi. Lakini kabla ya hayo yote mganga atamuuliza mambo. Alilala vipi? Aliota nini? Ni mara ya ngapi? Nyumbani kuna amani?

Maswali hayo ndiyo kiini cha jambo lote. Mwaka 2003 watafiti Ngoma, Prince na Mann walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Dar es Salaam, wakilinganisha watu waliokwenda vituo vya afya na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kwenye vituo, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, yaani sonona, wasiwasi na yanayofanana na hayo. Kwa waganga, asilimia 48. Mara mbili kamili. Usingizi mbovu ni miongoni mwa dalili kuu za hali hizo. Kwa hiyo watu wanaoteseka moyoni na usiku wao, katika jiji lenye hospitali kubwa kuliko zote nchini, walionekana kwa uwiano mkubwa zaidi ukumbini kwa mganga. Si haki kuuita huo ujinga. Mgonjwa hupeleka neno lake mahali ambapo lina msikilizaji.

Hata hivyo, liko swali gumu hapa, na ni swali la dini na falsafa kabla halijawa la tiba. Aliyelala ni shahidi wa namna gani? Mafundisho ya Uislamu yanasema kalamu imeinuliwa kwa mtu aliyelala mpaka aamke: haandikiwi dhambi, kwa sababu hayupo kikamilifu. Surat Az-Zumar, aya ya 42, inauweka usingizi karibu kabisa na mauti, kwamba Mungu huzichukua nafsi wakati wa kufa na wakati wa kulala, kisha zile ambazo ajali yake haijafika huzirudisha. Biblia nayo inamlaza Yakobo, jiwe likiwa mto wake, ndipo anapoiona ngazi. Na Yusufu mumewe Mariamu anaonywa ndotoni akimbilie Misri. Kurasini ndiko yaliko makao ya Baraza la Maaskofu Katoliki, na adhana ya alfajiri inasikika hapo hapo. Kwa wote hao usiku una habari. Sayansi ya hospitali ndiyo iliyochelewa kuubishia hodi.

Mfano mzuri wa ushahidi wa aliyelala unatoka mbali. David Hufford, mtaalamu wa mapokeo ya jadi, aliwasikiliza watu wa Newfoundland, Kanada, waliosimulia habari za bibi kizee anayekalia watu kifuani usiku. Hufford mwenyewe alikuwa amepatwa na kitu hicho hicho alipokuwa mwanafunzi, kabla hajawahi kusikia habari za bibi huyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1982 alieleza kwamba masimulizi ya watu wale yalikuwa sahihi kuliko walivyodhaniwa: macho wazi, mwili umeganda, uzito kifuani, hisia kwamba kuna kiumbe chumbani. Wajapani wana jina lao, kanashibari. Mswahili analo lake. Watu ambao hawakuwahi kukutana walitoa ushahidi mmoja.

Leo maabara zinaeleza kilichotokea. Kuna hatua ya usingizi, ile yenye ndoto nyingi, ambamo ubongo huzima misuli ili mtu asiyatende anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla misuli haijafunguliwa, na ndoto humwagika ndani ya chumba halisi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikuta kwamba karibu asilimia 8 ya watu wa kawaida wamewahi kupatwa, na zaidi ya robo ya wanafunzi. Kukosa usingizi, kulala kwa saa zinazobadilika-badilika na kulala chali huongeza uwezekano.

Saa zinazobadilika-badilika! Hapo Kurasini inaingia yenyewe. Wapo wapakuaji wa bandari wanaoingia zamu ya usiku, walinzi wa yadi za makontena, madereva na mautingo wanaosubiri mzigo wa Zambia au Kongo wakiwa wamejikunja ndani ya kichwa cha lori. Usingizi unasemwa kuwa ndiyo mali pekee ambayo tajiri na maskini wamegawiwa sawa. Si kweli. Giza wamegawiwa sawa. Kitanda, ukimya na hewa ya kupoa hawakugawiwa sawa. Uzito ule kifuani, pamoja na mambo mengine, una anwani ya kazi.

Wala vipimo havijasimama katikati. Mwaka 2020 Michael Sjoding na wenzake wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni kilishindwa kugundua upungufu hatari kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kifaa cha aina hiyo hutumika pia kuwachunguza wanaokatika pumzi wakiwa wamelala. Mgonjwa mweusi aliyesema anakabwa usiku angeweza kuambiwa kwamba namba zake ni nzuri.

Basi, je, mgonjwa aaminiwe kwa kila asemalo? Hapa mtu anayeitakia heri tiba ya jadi lazima asimame imara. Wakati wa Ramadhani ya mwaka 1995 Pemba ilikumbwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemekana kuwaingilia watu vitandani. Hofu ikavuka hadi Unguja. Familia zikalala nje, zimezunguka moto, na wasimulizi walieleza kukabwa na kuganda kwa namna ambayo wachunguzi wengi wameifananisha na jinamizi. Mjini Zanzibar mgonjwa wa akili kutoka bara alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, na kundi la watu likamuua. Walioogopa walikuwa wamepatwa na jambo la kweli. Mtu yule hakuwa sababu yake.

Kumsadiki mtu kwamba usiku umemtenda si sawa na kulisadiki jina analolitaja. Mganga anayesikiliza vizuri kisha akamnyooshea kidole jirani amemtendea haki mtu mmoja na kumdhulumu mwingine. Ndiyo maana mwezi Januari 2015, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino yaliyohusishwa na ramli, serikali ya Tanzania iliwapiga marufuku wapiga ramli chonganishi. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilikuwa tayari imeweka utaratibu wa kuwasajili waganga, na wengi wao hufanya kazi bila kumtaja mchawi yeyote.

Kitu kimoja bado kinauma. Utafiti wa tiba asili Muhimbili, Dar es Salaam, ulianza mwaka 1974, na tangu hapo wanasayansi wamewafuata waganga wakiuliza mizizi, magome na majani. Kazi hiyo ni ya thamani, maana dawa nyingi za hospitali asili yake ni mimea. Lakini jani lilikaushwa, likabandikwa jina la Kilatini, likahifadhiwa. Lile swali la kwanza la mganga likaachwa mlangoni pamoja na viatu. Lingeweza kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa kwa mstari mmoja: unalala saa ngapi, wapi, na nini hukupata usiku? Halihitaji mashine wala umeme.

Alfajiri zamu inatoka bandarini. Mpakuaji anafika nyumbani watoto wa nyumba nzima wakijiandaa kwenda shule, redio ya jirani imeshawashwa. Anatundika kanga dirishani kuzuia mwanga, anajilaza chali kwa sababu mgongo unamuuma, na anasoma dua yake. Ikifika saa tatu bati litakuwa limeshika moto.