Nyusi, Kisu na Dhamana

Paji la uso lina kazi nyingi Dar es Salaam. Muislamu wa Tandika hulishusha kwenye msala mara 34 kwa siku katika sala tano za faradhi, na kwa baadhi ya wazee sijida huacha alama nyeusi isiyofutika. Mkatoliki wa Msasani hupakwa krisma hapo siku ya kipaimara, na Jumatano ya Majivu hutoka kanisani na msalaba wa majivu papo hapo. Chini kidogo ya paji, saluni za Mwananyamala zina kazi yao: binti anainama na wembe, mteja anafumba macho, nyusi zinatindwa kwa dakika chache, kisha unafuata wanja. Sasa eneo hilohilo limefika mikononi mwa madaktari wa upasuaji, ambao hukata ngozi ndani ya nywele na kulivuta paji juu, ili nyusi zilizoshuka zipande na mikunjo ilainike.

Anayefikiria upasuaji wa aina hiyo huwa na maswali mawili, na mara nyingi huyapeleka mahali tofauti. Kama ni dhambi, humuuliza shehe au mchungaji. Ni daktari gani amfanyie, humuuliza shoga yake, au hutazama kwenye simu picha za watu kabla na baada ya kupasuliwa. Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, itangaze mwaka 2023 kwamba inatoa huduma za upasuaji wa urembo, swali la dhambi limejadiliwa sana. Lile la daktari limeachwa kama jambo la bei na bahati. Nalo ni swali la dini vilevile, tena huenda ndilo zito zaidi.

La kwanza lina majibu ya siku nyingi. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, shetani anajigamba kwamba atawaamrisha watu wabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud inawalaani wanaochanja miili, wanaonyofoa nywele za uso na wanaochonga mwanya kwenye meno kwa kutafuta uzuri, na wanazuoni wengi wanasema nywele zinazokusudiwa hasa ni nyusi. Mwanamke wa Banu Asad, Ummu Ya'qub, alimwendea Ibn Mas'ud kumhoji ameitoa wapi laana hiyo, maana yeye ameusoma msahafu wote na hakuiona. Akajibiwa kwa hoja. Inapendeza kukumbuka kwamba mwanzoni kabisa mwa Uislamu mwanamke alisimama na kuhoji juu ya uso wake, na hakuna aliyemfukuza.

Upande wa pili yupo Arfaja bin As'ad. Huyu alipoteza pua vitani, siku ya Kulab, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha, ikaanza kunuka, na Mtume akamwamuru atumie ya dhahabu. Abu Dawud na Tirmidhi wameipokea habari hiyo. Dhahabu, ambayo mwanamume wa Kiislamu hajipambi nayo, ikapata ruhusa katikati ya uso wake ili aweze kukaa na watu.

Kati ya laana na pua ya dhahabu ndipo wanazuoni wa leo walipoweka mpaka. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, iliruhusu upasuaji wa kurudisha umbo lililoharibika au kuondoa kasoro inayomuumiza mtu mwilini au moyoni. Ilikataa kuugeuza uso wa kawaida kwa kufuata mkumbo. Mikunjo ya ngozi nayo, ilisema, isiondolewe kwa kisu wala sindano isipokuwa ni maradhi.

Kwa Wakristo njia ni tofauti, lakini inafika karibu na hapo. Zaburi ya 139 inamsifu Mungu aliyemuumba mtu kwa namna ya ajabu, na Waraka wa Kwanza wa Petro unawataka wanawake wasitegemee mapambo ya nje. Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufariki, Papa Pius XII alizungumza na madaktari wa upasuaji rekebishi wa Italia. Hakuupiga marufuku upasuaji wa urembo. Aliutazama kwa nia ya anayeutaka: kuna haja halali, na kuna haja chafu, kama ya mhalifu anayetaka uso mpya ili aikimbie sheria.

Basi nyusi zinakaa upande gani wa mpaka? Hazina upande mmoja, na hapa ndipo daktari anapoingia kwenye fiqhi, apende asipende. Tuseme kuna fundi cherehani wa Mbagala, mwenye miaka 63, ambaye nyusi zake zimeshuka mpaka ngozi inaziba sehemu ya juu ya macho. Anakunja paji kutwa nzima ili aone sindano, na jioni kichwa kinamuuma. Tuseme pia kuna msichana wa miaka 26 wa Kinondoni anayetaka nyusi zivutwe kuelekea panja kwa sababu mtindo huo umeenea. Jina la upasuaji ni lilelile. Hukumu haziwezi kufanana, na anayeweza kuzitenganisha ni yule atakayewachunguza.

Daktari anayejua kazi humketisha mtu wima, kwa sababu akilala nyusi hurudi nyuma zenyewe. Humwambia atazame mbele bila kukunja paji. Kisha huziinua nyusi kwa kidole gumba, aone kama jicho limefunguka. Pengine kilichoshuka ni kope, kwa kuwa msuli wake umelegea; pengine ni kiharusi, au ugonjwa unaodhoofisha misuli. Hapo kuvuta paji ni kumkata mtu bure. Halafu hutazama tundu za hereni na kovu la chanjo begani, maana ngozi nyeusi ina uwezekano mkubwa zaidi wa kuota makovu manene yanayoendelea kukua. Hutazama na mstari wa nywele. Mwanamke aliyesukwa twende kilioni za kubana tangu utotoni huenda nywele za mbele zimeshakimbia, na kovu lililopangwa kujificha humo litabaki wazi.

Na kuna neva. Inayonyanyua nyusi hupita karibu sana na ngozi ya panja. Ikikatwa, nyusi moja hubaki imelala. Zinazolipa paji hisia huchomoza juu tu ya jicho, na zikijeruhiwa ganzi inaweza kudumu kwa miezi, au isiondoke. Mtu atasujudu asiuhisi msala. Hilo haliharibu sala, lakini ana haki ya kuambiwa kabla.

Mapokeo ya dini hayakumwacha mganga nje ya hesabu. Ipo hadithi, iliyopokewa na Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, inayomtwisha dhamana yeyote anayejitia utabibu bila kujulikana kwa kazi hiyo: akidhuru, analipa. Ile Majmaa ya 2007 nayo iliweka sharti kwamba mtendaji awe na ujuzi na sifa, la sivyo jukumu ni lake. Yoshua bin Sira, ambaye Wakatoliki wanamsoma, anafundisha katika sura ya 38 kwamba mganga aheshimiwe kwa kuwa ameumbwa na Bwana. Mtu akimkabidhi kisu asiyejulikana, hawezi kusema amemtegemea Mungu. Ameuchezea mwili alioazimwa.

Wazee wa Kimakonde waliochanjwa nembo usoni hawakuchanjwa na mpita njia. Kazi hiyo ilikuwa na fundi wake. Mjini kujulikana kumehamia kwenye karatasi: Baraza la Madaktari Tanganyika hutunza rejista, chini ya sheria ya mwaka 2017, na ubingwa unasajiliwa humo. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, chenye makao yake Arusha, hutahini mabingwa wa upasuaji rekebishi. Wingi wa wafuasi mtandaoni si ushahidi wa lolote kati ya hayo.

Oktoba 2024 jijini Nairobi, mwanamke alifariki siku chache baada ya kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta katika kliniki ya binafsi, na Baraza la Madaktari la Kenya likaamuru kliniki hiyo ifungwe. Amri ilikuja baada ya maziko kuwa jambo la lazima.

Kwa hiyo mashehe wa Kinondoni, ambako BAKWATA ina makao yake makuu, na mapadri na wachungaji wa Temeke wanaweza kuokoa watu kwa kuupanua mlango wa swali. Anayekuja kuuliza kama inajuzu, aulizwe naye: ni nani atakayekukata, jina lake umelikuta kwenye rejista, ni nani atakayekulaza kwa nusu kaputi, na usiku ukivimba jicho utampigia nani? Aulizwe pia kama daktari huyo amewahi kumkatalia mtu. Asiyewahi kukataa hajawahi kumtenganisha fundi cherehani na msichana wa mtindo, na hukumu yoyote iliyotolewa msikitini au kanisani itakuwa imeishia mlangoni kwake.