Jina la marehemu kwenye kadi ya mgao



Mtu akifariki hapa Nakivale, jina lake likae kwenye kadi ya familia mpaka lini? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, kwenye foleni ya maji na siku za matanga, na mara nyingi anayeuliza anamfikiria jirani yake. Tumeona afadhali tuliandike wazi. Tarehe 21 Septemba 2025, Dominika ya 25 ya Mwaka C, tulisomewa Injili ya Luka sura ya 16, juu ya wakili aliyebadilisha hesabu kwenye hati za wadeni, na bwana wake akamsifu. Watu walitoka Misani wakitaniana kwamba leo Injili imetuonea huruma. Utani ule ulikuwa na kitu ndani yake, na hatupendi upotee hivihivi.

Hatuna haja ya kumweleza msomaji wetu jinsi kadi inavyofanya kazi. Vichwa saba, migao saba; kichwa kimoja kikiondoka, mgao mmoja unaondoka nacho. Lakini watu wa nje hawajui kwamba chungu ni kimoja. Mtoto wa miezi mitatu hali mahindi. Mgao wake ndio ulionunua sabuni, chumvi, daftari la dada yake, na nauli ya kumpeleka yeye mwenyewe zahanati. Akifa, mama anapoteza mtoto, na mwezi unaofuata anapoteza sabuni na daftari, huku deni la dukani likiwa palepale. Tena kuna jambo ambalo akina mama husema wakiwa peke yao: kwenda ofisini kumwondoa mtoto kwenye kadi ni kama kumzika mara ya pili, mbele ya mtu usiyemjua anayetazama kompyuta.

Na miaka hii mgao umekonda. Kuanzia Julai 2023 Mpango wa Chakula Duniani, PAM kama tunavyouita sisi tuliotoka Kongo, uligawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu: wachache waliohesabiwa kuwa dhaifu zaidi walipewa asilimia 60 ya mgao kamili, walio wengi asilimia 30, na kundi la tatu halikupewa kitu. Mei 2025, fedha za wafadhili zilipopungua tena, watu karibu milioni moja waliondolewa katika msaada wa chakula. Anayehukumu dhambi ya kadi bila kuzikumbuka namba hizi anahukumu watu wa nchi nyingine.

Sasa tuitazame Injili. Wakili ameshtakiwa kwamba anatapanya mali ya tajiri, naye anajua siku zake zimekwisha. Jembe hana nguvu ya kulishika, na kuombaomba kunamtia aibu. (Hapo kila mwanamume wa hapa kwetu aliyewahi kuwa na shamba lake kule Masisi au Fizi anainamisha kichwa kidogo.) Basi anawaita wadeni mmoja mmoja. Aliyekuwa na deni la vipimo 100 vya mafuta anaambiwa aandike 50. Mwenye vipimo 100 vya ngano anaandika 80. Yesu hafichi kwamba mtu huyu ni dhalimu. Jina hilo anampa waziwazi. Kinachosifiwa ni akili yake ya kuona saa imefika na kujitafutia marafiki wa kumpokea. Kuna wafafanuzi wanaosema kwamba alichofuta ni faida yake mwenyewe, si mali ya bwana. Huenda ni kweli, ila Luka hasemi hivyo, na sisi tunaona mfano unapoteza makali yake ukiusafisha kiasi hicho. Lakini tazameni wakili alimpunguzia nani. Aliwapunguzia wadeni. Kalamu yake ilimwondolea mtu mzigo. Jina la marehemu kwenye kadi linaongeza upande wa anayeandika, na mzigo unamwangukia mtu ambaye haonekani. Kwa hiyo wale waliotania kwamba wamepata mtakatifu wao hawakuusoma mfano mpaka mwisho. Aya chache baadaye Yesu anasema habari ya uaminifu katika vitu vidogo, na kadi ni kitu kidogo hasa.

Somo la kwanza la siku ile lilitoka kwa Amosi sura ya 8, nalo watu wengi walilisahau kabla ya kufika nyumbani. Ni bahati mbaya, maana linapanga mambo kwa utaratibu wake. Amosi alikuwa mchungaji wa Tekoa, katika Yuda, akatumwa kusema upande wa kaskazini, katika Israeli, na kuhani wa huko akamwambia arudi kwao akapate chakula chake huko. Maneno hayo wengi wetu tumekwisha kuyasikia kwa lugha mbalimbali. Katika sura ya 8 nabii anawakaripia wenye kupunguza kipimo na kuchezea mizani, wanaongoja sikukuu iishe ili wauze hata makapi ya ngano. Hasira yake inaanzia kwa anayeshika mizani. Mjane aliyesimama upande wa pili wa mizani hatajwi kama mkosaji. Sisi pia tunapenda kufuata utaratibu huo. Mwenye kupima pungufu na mwenye duka anayeshikilia kadi ya mtu kama rehani wana kesi ya kujibu kabla ya mama mwenye jina moja lililozidi.

Je, mama huyo ni mwizi? Kanisa limelifikiri swali hili muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu aliye katika dhiki kubwa na ya wazi, asiyekuwa na njia nyingine, akichukua cha mwenzake ili aokoe uhai, hata akichukua kwa siri, hajaiba kwa maana halisi ya neno hilo. Dhiki inakifanya kitu kile kuwa chake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki katika namba 2408 inafuata njia hiyohiyo, kwa sababu Mungu alivikusudia vitu vya dunia viwafae watu wote. Tunalisema hili bila kumung'unya, kwa sababu wapo kati yetu wanaoacha Komunyo kwa ajili ya kadi, hali nyumbani watoto wao wanalala na uji wa mara moja. Waende kwa Padre wakazungumze. Huenda wanabeba mzigo wasiopewa na Mungu.

Hata hivyo, fundisho hilo lina mipaka miwili, na hapo ndipo shauri letu linapokuwa gumu. Wa kwanza ni kwamba huwezi kujiokoa kwa kumsukuma mwenye dhiki kama yako. Ghala la mgao si la tajiri mmoja mwenye kusaza. Likipungua, anayepunguziwa ni mkimbizi mwingine. Wa pili ni kwamba Thoma alikuwa anasema habari ya mkate. Hakusema kwamba dhiki inaufanya uongo kuwa kweli.

Mtu atajibu: jina moja la mtoto litapunguza nini katika watu karibu milioni mbili waliokimbilia Uganda? Katika magunia, halipunguzi kitu. Lakini tukumbuke mwaka 2018. Kuanzia Machi mpaka Oktoba serikali ya Uganda na HCR walituhesabu upya nchi nzima, kwa vidole na kwa macho. Takwimu za awali zilikuwa takriban milioni 1.4; waliothibitishwa walikuwa milioni 1.1 hivi. Hatusemi pengo lote lile lilikuwa udanganyifu: wengine walikuwa wamerudi makwao, wengine wamehama, wengine waliandikwa mara mbili kwa makosa tu, na mwaka huohuo maofisa kadhaa walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuzidisha hesabu. Lakini lilipokuja suala la kuaminiwa, hakuna aliyeuliza nani alizidisha. Lililobaki masikioni mwa wafadhili ni kwamba wakimbizi hawapo wote wanaosemwa kuwapo.

Tulipovuka mpaka, wengi wetu hatukuwa na karatasi. Hati ya shamba iliungua, cheti cha ubatizo kilibaki parokiani. Tulikaa mbele ya meza tukasema: naitwa fulani, natoka mahali fulani, mume wangu aliuawa. Tuliandikwa kwa sababu mtu aliamua kuamini neno letu. Mkimbizi hana mali kubwa kuliko hiyo, na mali hiyo ni ya wote. Mama anayefika leo usiku kutoka Rutshuru, na habari yake ni ya kweli tupu, atasikilizwa na masikio ambayo sisi ndio tuliyoyazoeza, ama kuamini ama kushuku. Huyo ndiye jirani asiyeonekana tuliyemtaja hapo juu.

Wengine hujitetea kwamba hawakudanganya, walinyamaza tu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya uongo, anatusimulia habari za Firmus, askofu wa Tagaste, mji ulioko leo katika nchi ya Aljeria. Maofisa wa kaisari walimdai mtu aliyekuwa amefichwa na askofu huyo. Alijibu kwamba hawezi kusema uongo na hawezi kumtoa mtu, akateswa bila kusema, hata mwisho kaisari mwenyewe akamsamehe aliyefichwa. Kunyamaza kwa namna hiyo ni kwa heshima, kwa sababu askofu alikubali kulipa yeye. Anayenyamaza na huku anaweka kidole kwenye mashine hajanyamaza. Kidole kimesema watu saba.

Na kuna Novemba. Mwezi huo tunaandika majina ya marehemu wetu kwenye karatasi, yanawekwa altareni, yanasomwa. Jina lilelile laweza kusomwa Misani Dominika kama la marehemu, na wiki hiyohiyo likachukua mahindi kama la aliye hai. Hatulitaji hili ili kumwaibisha mtu. Tunalitaja kwa sababu mama mmoja hawezi kulibeba hilo peke yake, nasi tumekuwa tukimwacha alibebe. Tunafika matangani, tunaimba, tunachimba kaburi, halafu siku ya tatu tunatawanyika, na kadi inabaki kuwa siri yake na ya watoto.

Kwa maoni yetu, anayetaka ukweli usemwe hana budi kulipa sehemu ya gharama yake. Katika jumuiya ndogo, au mashirika kama wengi wetu tulivyozoea kuyaita kule Bukavu, limeletwa pendekezo: familia inayokwenda kutoa taarifa ya kifo isindikizwe ofisini na watu wawili, na kwa miezi mitatu kila nyumba ya jumuiya iitolee kikombe kimoja cha unga kwa mwezi. Jumuiya ya nyumba 20 inapata vikombe 20. Haifikii mgao uliopotea, ila sabuni inapatikana.

Pendekezo hili limepingwa, na wapinzani si watu wabaya. Wanasema nyumba iliyoondolewa kabisa kwenye mgao itoe kikombe kutoka wapi. Wanauliza pia kama wasio Wakatoliki watahesabiwa, maana kifo hakichagui dhehebu na foleni ni moja. Kwa swali la pili tunasema ndiyo, wahesabiwe. Kwa la kwanza hatujapata jibu linaloturidhisha. Viongozi wa jumuiya wanaombwa walizungumze na watu wao Jumatano baada ya rozari, na walete majibu kwa katekista kabla ya orodha za marehemu hazijaanza kuandikwa.