Muda wa Kusubiri ni wa Nani?

Bibi harusi amefunuliwa ushungi. Mama yake, aliyejizuia kulia tangu asubuhi, anamtazama, na kwa nukta moja uso wake unasema yote ambayo mdomo ulikataa kuyasema. Mpiga picha anabonyeza. Kamera haijibu. Taa ndogo inapepesa, kioo kimeganda katika picha iliyotangulia, na pale chombo kinapoitii amri, mama amekwishageuka kuwaagiza wapishi. Kinachopatikana ni kisogo. Kila aliyewahi kushika kamera ndogo ya dijitali ya miaka ya mwanzo ya 2000 anaijua hasara hiyo, na anaijua pia hukumu iliyokuwa ikifuata: kamera mbovu.

Aghalabu hukumu hiyo haikuwa ya haki. Kamera inayochelewa haijalala. Ina kazi mkononi. Kwanza hupima nuru na kusogeza lenzi hadi sura ikae wazi, na penye giza, au mbele ya ukuta mweupe usio na alama, lenzi huenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayetafuta sindano mchangani. Ikiwa imewekwa kuzuia macho mekundu, hutoa mwanga wa awali ili mboni zinywee, ndipo ipige. Baada ya kila mmweko wa flashi, betri hulazimika kuijaza upya kapasita, na betri iliyochoka huijaza kwa kujivuta. Picha yenyewe hupita kwanza katika memori ya muda, iliyo mfano wa sebule ndogo: wageni wakijaa, wa nje hungoja kizingitini mpaka waliomo ndani waandikwe kwenye kadi. Picha ghafi ni wageni wa mizigo mingi. Usiku mambo huzidi. Picha iliyoachiwa nuru kwa sekunde 30 yaweza kufuatwa na sekunde nyingine 30 za kimya, kamera ikijipiga picha ya giza tupu ili izijue dosari za kihisi chake na kuzitoa katika picha ya kwanza. Asiyelijua hilo hudhani chombo kimekufa.

Dawa zake si siri. Kitufe hubonyezwa nusu mapema, lenzi ikalenga kabla ya tukio lenyewe, mwanga wa awali huzimwa, betri hubadilishwa, kadi, baada ya picha zake kuhifadhiwa kwingine, hufutwa na kupangwa upya ndani ya kamera yenyewe, hununuliwa kadi ya kasi, ingawa kadi ya kasi ndani ya kamera isiyoweza kuandika upesi ni fedha iliyotupwa. Lakini kabla ya dawa sharti ujulikane ugonjwa, na hapo fundi mwenye busara huuliza swali moja tu: kucheleweshwa ni kabla ya picha au baada yake? Kukiwa kabla, tatizo ni kulenga, au ule mwanga wa awali. Kukiwa baada, tatizo ni flashi, kadi au hesabu za ndani ya chombo.

Swali hilo la fundi limebeba zaidi ya ufundi. Muda wa baada ni wa chombo peke yake; hakuna anayedhulumika ukifupishwa. Muda wa kabla una wenyewe wawili. Lenzi inapohangaika, anayepiga anasubiri, na anayepigwa naye anasubiri. Katika nusu sekunde ile mtu huweza kuvuta kanga, kufunga kinywa, kuinua kidevu, au kunyanyua kiganja kusema hapana. Katika studio za zamani, mfano wa Capital Art ya Mji Mkongwe, Unguja, iliyoanza mwaka 1930, muda huo ulikuwa ndio kazi yenyewe: mtu alikaa, akatengenezwa ukosi, akajiandaa kuwa yule aliyetaka kukumbukwa.

Hata hivyo, wanaousifu ukawaida wa zamani hapana budi waitazame picha aliyoipiga Louis Daguerre mjini Paris mwaka 1838, akiwa dirishani juu ya Boulevard du Temple. Barabara ile haikuwa tupu, lakini kwenye picha inaonekana tupu, kwa kuwa nuru ilihitaji dakika kadhaa kuchora, na waliokuwa wakitembea hawakuacha alama. Aliyebaki kuonekana bayana ni mtu aliyesimama akisafishiwa viatu. Ukawiaji, basi, nao una dhulma yake: ulimhifadhi aliyetulia na kumfuta mwenye haraka ya riziki. Waswahili walilijua jambo hili kwa pande zote mbili, ndiyo maana wanaoonya kuwa haraka haraka haina baraka ndio hao hao wanaosema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mwenye kuutaja usemi mmoja na kuuficha wa pili anatetea tabia yake tu.

Kwa hiyo hapana shaka kwamba wahandisi walifanya vyema kuupiga vita ukawiaji. Kamera ya dijitali aliyoiunda Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975 ilitumia sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti, picha isiyo na rangi yenye nukta 100 kwa 100. Kutoka hapo muda ulipunguzwa hatua kwa hatua hadi ukakaribia sifuri. Ajabu ni kwamba haukuishia hapo. Simu ya Galaxy Nexus ya mwaka 2011 ilitangazwa kuwa haichelewi kabisa, na siri ya simu za namna hiyo ni kwamba, programu ya kamera ikiwa wazi, chombo hupiga mfululizo bila kuamrishwa, picha mpya zikiingia katika memori ya muda na kuukuu zikitupwa; kidole kikigusa, huchaguliwa iliyokwisha kupigwa. Mwaka 2015 iPhone 6s ilikuja na picha zenye mwendo, ambazo huhifadhi sekunde 1.5 za kabla ya kubonyeza.

Hapa ndipo pagumu. Tendo hupimwa kwa nia, na hii ni picha iliyotangulia nia ya kuipiga. Wapo watakaojibu, na jibu lao si dhaifu, kwamba jicho la mwanadamu likiona, kidole hukawia kama sehemu ya tano ya sekunde kutii. Chombo kinachorudi nyuma kwa kiasi hicho kinampa mtu kile hasa alichokiona na kukitaka. Kwa sehemu ya tano ya sekunde, wakubaliwe. Sekunde moja na nusu ni jambo jingine: humo yamo ambayo hakuna aliyeyaona wala kuyakusudia. Mfiwa aliyeiona simu ikinyanyuliwa, akaufunika uso kwa leso, alidhani amewahi. Hakuwahi. Uso wake umo, na hakuna mwizi wa kushikwa, maana mwenye simu naye hakujua.

Yamkini nia haikupotea, bali imehamishwa. Zamani ilikuwa kwenye kidole. Sasa iko usiku, mezani, mpiga picha anapofungua kazi ya mchana na kuzikuta nyuso ambazo hakuziomba. Hapo hakuna lenzi inayohangaika wala kadi iliyojaa, na kisingizio cha chombo kimekwisha. Kuhifadhi ni kupiga.

Na yule mama wa harusini? Kisogo kile kilihesabiwa kuwa hasara, na kwa mpiga picha kilikuwa hasara kweli. Lakini mama alikuwa amejizuia tangu asubuhi, mbele ya wakwe na majirani, na kamera kongwe, bila kukusudia, ilimtunzia siri yake. Kwa simu ya leo machozi yake yangepatikana, pengine yakawa picha bora ya siku nzima, ile ambayo bintiye angeitundika ukutani miaka yote. Kabla haijaenda kuchapwa, yuko mtu mmoja wa kuulizwa, naye bado yupo uani na wapishi.