Kifaa Kusikia, Wodi Kuitikia

Moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Mama anapokuwa katika uchungu, mapigo hayo ndiyo habari ya wazi zaidi inayotoka kwa mtoto mwenyewe. Yakishuka wakati wa uchungu na kukawia kurudi, huenda oksijeni inayomfikia haimtoshi. Kazi ya kuyasikiliza ni ya mkunga, na kwa zaidi ya karne moja chombo chake kimekuwa fetoskopu ya Pinard, kijibomba kifupi cha mbao au alumini chenye mdomo mmoja mpana, kilichobuniwa na daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Mkunga hupapasa tumbo ajue mgongo wa mtoto umelala upande gani, huweka mdomo mpana hapo, huinamisha sikio, huachia mkono ili kusiwe na mkwaruzo, kisha huhesabu dakika nzima kwa saa. Fetoskopu haina betri, haina waya, wala haina kioo cha kuvunjika.

Mwaka huohuo wa 1895 wamisionari wa Mill Hill, wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon, walifika Kampala, na Kabaka Mwanga akawapa kilima cha Nsambya. Januari 1903 wakaja masista sita Wafransisko. Mmoja wao, Teresa Kearney kutoka Ireland, ndiye ambaye Uganda nzima ilikuja kumwita Mama Kevina. Zahanati yake ya kilimani imekua na kuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko Nsambya, na mwaka 1921 yeye na daktari Evelyn Connolly walianza kufundisha wakunga hapo. Kwa hiyo swali la chombo kinachomfaa mkunga ni la siku nyingi Nsambya. Limewahi pia kujibiwa hapo kwa utafiti, na utafiti huo unastahili kusomwa na kila anayependa vifaa vipya.

Udhaifu wa fetoskopu unajulikana. Anayesikia ni mmoja tu. Chumba kikiwa na kelele, au mama akiwa mnene, sauti hufifia. Mkunga mwenye akina mama wengi kwa zamu moja hana nafasi ya kumwinamia kila mmoja kila baada ya nusu saa na kuhesabu dakika kamili. Dopla huondoa sehemu ya taabu hiyo. Hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu halisikii. Yakigonga moyo unaopiga hurudi yamebadilika kidogo, na kifaa hugeuza badiliko hilo kuwa sauti na tarakimu. Mkunga husikia, mama husikia, hata ndugu aliyemsindikiza husikia. Tatizo la dopla ni chakula chake, yaani umeme. Betri zikiisha katika kituo cha mbali na duka, kifaa huingia kabatini na fetoskopu hutoka.

Freeplay Foundation, taasisi iliyotokana na kampuni ya redio za kuzungusha mpini, ilitengeneza dopla inayojichaji kwa njia hiyohiyo: mkunga huzungusha mpini kwa muda mfupi, kisha huendelea na kazi. Mwaka 2009 ilishinda tuzo ya ubunifu ya INDEX huko Denmark, na ilistahili. Waliobuni walikuwa wamefikiria wodi ilivyo, saa nane usiku, umeme umekatika.

Dopla ya kuzungusha ilijaribiwa Nsambya. Romano Byaruhanga na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2015 katika jarida la BMJ Open. Wanawake 1,971 waliotimiza miezi yao bila matatizo ya ujauzito waligawanywa kwa kura: kundi moja lisikilizwe kwa dopla, jingine kwa Pinard. Dopla iligundua hitilafu za mapigo mara 1.61 kulinganisha na Pinard. Kama kazi ingekomea hapo, kichwa cha habari kingekuwa tayari: kifaa kipya chashinda cha kale. Lakini watafiti waliendelea kuhesabu. Walihesabu watoto waliofariki wakati wa uchungu na waliofariki kabla ya mama kuruhusiwa kwenda nyumbani, na hapo hawakuona kwamba vifo vilipungua. Katika kundi la dopla vilikuwa vingi kidogo, ila idadi yenyewe ilikuwa ndogo mno kuweza kusema tofauti ile ilitokana na kifaa au ilitokea tu. Waliandika hivyo waziwazi, na uaminifu huo una thamani kuliko tuzo.

Matokeo hayo hayasemi kwamba dopla haifai. Wanawake wale walikuwa na ujauzito salama, na kwa watu kama hao vifo ni nadra. Ili tofauti ndogo ionekane wangehitajika wengi zaidi. Linalosemwa ni jambo ambalo habari za teknolojia hulipita mbio. Kati ya sauti ya hatari na mtoto anayelia kuna njia ndefu. Mkunga amgeuze mama alale ubavu. Daktari apatikane. Chumba cha upasuaji kiwe wazi, si kwamba kuna mgonjwa mwingine mezani. Mtaalamu wa usingizi awe zamu, damu iwe kwenye jokofu, na pawepo mtu aliyefunzwa kumsaidia mtoto kupumua kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika yake ya kwanza. Kipimo kinachotajwa na wengi ni dakika 30 kutoka uamuzi wa kupasua hadi mtoto kutoka. Kifaa kinachosikia mapema huongeza maombi ya msaada. Hakiongezi daktari hata mmoja. Tena huweza kuleta kengele za uongo, na kila kengele ya uongo hula dakika za mama wa kitanda cha pili. Hospitali inayonunua dopla bila kuuliza nani ataitikia imenunua nusu ya kitu.

Kampala imezalisha vifaa vya tiba ambavyo dunia ilivitazama. Mwaka 2012 wanafunzi wa Makerere, Joshua Okello, Josiah Kavuma na Aaron Tushabe, walitengeneza WinSenga: umbo la fetoskopu, maikrofoni ndani yake, na simu inayosoma mapigo. Baadaye Brian Turyabagye na Olivia Koburongo walikuja na Mama-Ope, koti linalosaidia kutambua nimonia, baada ya bibi yake Koburongo kuhamishwa hospitali hadi hospitali na ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa. Mwaka 2018 Brian Gitta, akiwa na miaka 24, akawa Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, pamoja na pauni 25,000. Kifaa chake, Matibabu, hupitisha mwanga mwekundu kwenye kidole kutafuta dalili za malaria katika damu bila kutoboa ngozi. Gitta mwenyewe aliwahi kuugua malaria ambayo vipimo kadhaa vya damu havikuiona.

Vijana hawa hawakutafuta sifa. Waliona mgonjwa wao, wakakaa chini wakafikiri, katika mji ambao hata kuagiza kihisio kimoja kutoka nje ni wiki za kusubiri na ushuru wa kulipa. Anayewabeza hajui kazi ya kutengeneza kitu. Kasoro iko kwa namna tunavyosimuliwa habari zao. Mwandishi huja siku ya tuzo, hupiga picha ya kifaa kikiwa mpya, huandika kwamba kitaokoa maelfu, na harudi tena. Msomaji wa Nsambya aliyesoma kuhusu kifaa mwaka ule hana njia ya kujua kama mwaka huu kiko kwenye wodi iliyo hatua chache kutoka mlangoni kwake.

Maswali ya kuuliza yanajulikana, wala hayahitaji digrii. Kifaa kinapopima malaria, kimelinganishwa na nini? Tayari kipo kipimo cha haraka, tone moja la damu, majibu ndani ya takriban dakika 15 hadi 20, na mhudumu wa afya wa kijijini anakiweza. Kipya kinapaswa kukishinda hicho, au angalau kufika pale hicho kisipofika. Kikikosea, hukosea upande gani: huwaambia wazima kuwa ni wagonjwa, au wagonjwa kuwa ni wazima? Kikiharibika, hupelekwa wapi? Nani hulipa, mgonjwa, hospitali au mfadhili, na mfadhili akiondoka?

Lipo swali jingine, la simu. WinSenga ilibuniwa kwa simu za mfumo wa Windows. Kufikia Januari 2020 Microsoft ilikuwa imeacha kuuhudumia mfumo wake wa simu. Kifaa cha tiba kinachokaa juu ya simu hurithi umri wa simu hiyo, na umri wa simu huamuliwa Redmond au Shenzhen na watu wasiojua kwamba kuna mkunga anayeitegemea. Mpenda teknolojia hufurahia toleo jipya kila mwaka, na furaha hiyo haina ubaya kwa mtu anayenunua simu yake mwenyewe. Wodini toleo jipya ni mafunzo mapya, chaja nyingine, na mashine ya zamani isiyopata tena kipuri.

Msaada wa vifaa kutoka nje unaonyesha gharama ya kusahau mambo hayo. Mwaka 2011 Lora Perry na Robert Malkin, wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, walikusanya taarifa za orodha za vifaa vya hospitali katika nchi maskini, zaidi ya vifaa 112,000. Asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Sababu walizozitaja ni za kawaida kabisa: mafunzo, miundombinu, na usimamizi wa vifaa vyenyewe. Mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa volti 120 ikichomekwa kwenye soketi ya Kampala yenye volti 240 huungua siku ya kwanza. Iliyopona siku hiyo huweza kuuawa na umeme unaopanda na kushuka kama haikuwekewa stebilaiza. Nyingine ni nzima kabisa, ila inahitaji karatasi ya aina moja tu, au mrija wa aina moja tu, unaouzwa na mtengenezaji peke yake.

Kinyume chake ni mashine ya mapovu ya kumsaidia mtoto njiti kupumua. Mapafu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hujikunja kila anapotoa pumzi, na kuyafungua upya humchosha hadi anashindwa. Anachohitaji ni hewa yenye msukumo mdogo usiokatika. Mashine za bei kubwa hufanya hivyo kwa vali na kompyuta. Njia ya mapovu hupitisha hewa yenye oksijeni puani kwa mtoto, kisha mrija wa kutolea pumzi huzamishwa kwenye chupa ya maji. Mrija ukizama sentimita 5, msukumo unaobaki kwenye mapafu ni wa sentimita 5 za maji. Ukitaka 6, unazamisha zaidi kidogo. Muuguzi husoma kipimo kwenye chupa kwa macho. Mapovu yakikoma, anajua papo hapo kwamba hewa inavuja mahali. Kifaa chenyewe kinamwambia kilipoharibika, sifa ambayo wabunifu wengi huisahau. Hospitali ya rufaa ya Mbale, mashariki mwa Uganda, ilipoanza kutumia aina ya bei nafuu, vifo vya watoto waliozaliwa na uzito chini ya gramu 1,500 vilipungua, kama ilivyoripotiwa mwaka 2019. Hata hivyo chupa ya maji nayo haifanyi kazi peke yake. Inahitaji chanzo cha oksijeni kisichokatika na muuguzi asiyeachiwa watoto wengi kupita uwezo wake. Pale Mbale watu hao walikuwepo na walifundishwa, na hilo ni sehemu ya tiba kama mrija wenyewe.

Wanaobaki na kifaa baada ya sherehe ni mafundi wa vifaa tiba. Makerere, Kyambogo na Mbarara hufundisha fani hiyo, kwa hiyo Uganda haikosi vijana wanaoweza kufungua dopla, kupima waya wa kichwa chake, na kujua kama ni betri iliyokufa au ni kioo cha mawimbi kilichopasuka kwa kuangushwa sakafuni. Kinachokosekana mara nyingi ni nafasi ya ajira na fungu la vipuri. Mkataba wa kununua mashine hutaja bei ya mashine. Ungepaswa kutaja pia vipuri vya miaka mitano, mafunzo ya watumiaji na ya fundi, na vitabu vya kutengenezea, maana kampuni nyingi huvificha. Mfadhili anayekataa kulipia hayo akataliwe kwa heshima, hata kama mashine yake ni bure.

Karakana kuu ya Wizara ya Afya ya kutengeneza vifaa tiba iko Wabigalo, jirani na Nsambya, na kuna nyingine za mikoani. Huko zimo habari za teknolojia ambazo hazijaandikwa: ni mashine gani huletwa tena na tena kwa ugonjwa uleule, ni kampuni gani hujibu barua ya kuomba kipuri, ni kifaa gani cha mwaka 2012 bado kinapima sawasawa. Mwandishi akitumia wiki moja na mafundi hao, kisha wiki nyingine na wakunga wa zamu ya usiku, atawapa wabunifu wa Makerere orodha ya kazi ya miaka kumi, na msomaji atajua kifaa kipi cha kudai katika hospitali anayojifungulia binti yake.