Kushindwa Bila Kugusa Mpira

Saa za kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu, tarehe 24 Januari 2022. Nilikuwa kitandani, simu kwenye chaji, bando ikielekea kuisha, natazama mchezo ambao nusu ya sheria zake nilikuwa bado najifunza. Huko Kansas City, Chiefs walikuwa wanacheza na Buffalo Bills katika mtoano wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mpira wa Marekani. Dakika mbili za mwisho zilizaa pointi 25. Bills waliongoza 36-33 zikiwa zimebaki sekunde 13. Sekunde 13, wasee! Unaweza kupiga chafya mbili zikaisha. Lakini Chiefs wakasawazisha, 36-36, mechi ikaingia muda wa ziada.

Refa akarusha sarafu. Josh Allen, kwotabeki wa Bills, yaani yule mrushaji ambaye mashambulizi huanzia mikononi mwake, aliita upande wa nyuma. Sarafu ikaonyesha kichwa. Chiefs wakachukua mpira, wakashuka nao uwanja, kisha Patrick Mahomes akamrushia Travis Kelce ndani ya eneo la mwisho. 42-36. Mechi kwisha. Allen, ambaye usiku huo alikuwa amerusha pasi nne za kufunga, aliyatazama hayo yote akiwa kando ya uwanja. Katika muda wa ziada hakuugusa mpira hata mara moja.

Je, alidhulumiwa?

Usikimbilie kujibu. Kwanza tuielewe sheria yenyewe. Kuanzia 1974, mechi ya kawaida ya NFL ikiisha sare iliongezwa muda, na timu ya kwanza kupata pointi yoyote ilishinda palepale. Wamarekani huuita mtindo huo kifo cha ghafla. Mwaka wa 2010 waliulegeza kidogo kwa mechi za mtoano, na 2012 kwa mechi zote. Ukipata mpira kwanza ukapiga teke la pointi 3, mwenzako naye anapewa zamu. Lakini ukiufikisha mpira katika eneo la mwisho, jambo linalofanana na trai ya raga, unapata 6 na mchezo umeisha. Mwenzako achukue mabegi yake aende nyumbani.

Walioitetea sheria hii hawakuwa wajinga. Walisema sarafu haina ndugu, haina kabila, haili hongo. Kabla haijarushwa, kila timu ina nusu ya bahati. Tena walisema timu si kwotabeki peke yake. Kuna walinzi pia, nao wanalipwa. Hutaki mpinzani afunge? Mzuie basi.

Hoja hizo zilinikaa vizuri kichwani, hadi nilipotazama hesabu. Tangu sheria ya 2010 ianze kutumika hadi mwisho wa msimu ule, mechi 12 za mtoano zilifika muda wa ziada. Timu iliyoshinda sarafu ilishinda mechi 10. Katika 7 kati ya hizo, iliyopoteza sarafu haikupata zamu ya kushambulia. Mechi 12 ni chache, nakubali. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyekaa kwenye benchi, moja inatosha.

Nalijua benchi hilo. Miaka michache iliyopita kampuni moja hapa jijini ilitangaza nafasi moja ya kazi. Tulifika watu 14 kwa mahojiano. Ili tusigombane nani aingie kwanza, soja wa mlangoni alitia vikaratasi vya namba kwenye kofia yake, kila mtu akavuta. Nilivuta 3. Dada aliyeketi kando yangu, ambaye tulikuwa tumegawana pakiti moja ya njugu, alivuta 12. Alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Kitale.

Niliingia, nikajibu nilivyoweza, nikatoka. Nilikaa nje kumsubiri rafiki yangu aliyekuwa namba 5. Rafiki yangu alipotoka, karani akamfuata nyuma, akasema, “Asanteni nyote kwa kuja. Tumeshapata mtu.” Yule dada alibaki ameshika bahasha yake ya kaki kwa mikono miwili. Akaniuliza, “Kwani walikuwa wanauliza nini huko ndani?”

Jumatatu iliyofuata nilipigiwa simu. Kazi ilikuwa yangu.

Sasa niambie, kofia ya soja ilikuwa na kosa gani? Kila mmoja wetu aliingiza mkono akiwa na bahati sawa na mwenzake. Lakini bahati sawa ya kupata zamu na zamu yenyewe ni vitu viwili. Nadhani hapo ndipo sarafu ya NFL ilipotudanganya. Mwaka wa 1968, katika nusu fainali ya soka ya mataifa ya Ulaya huko Naples, Italia na Muungano wa Kisovieti walitoka 0-0 na sarafu ikaamua nani aende fainali. Italia wakaenda. Unaweza kuuchukia uamuzi huo, ila hakuna aliyedai kwamba sarafu ile ilipima ubora wa mtu. Ilikiri wazi kwamba ni bahati tu. Sarafu ya NFL ilifanya kazi ileile kwa kiasi kikubwa, halafu ikaweka mchezo juu yake ili tuseme mshindi alikuwa hodari zaidi. Hata mimi nilijiambia hivyo kuhusu kazi yangu. Nilijiambia nilijibu vizuri. Nilijibu vizuri kumshinda nani?

Kuna jambo lingine katika hadithi ya Chiefs. Januari 2019 wao ndio waliokuwa kwenye benchi. New England Patriots walishinda sarafu, wakafika eneo la mwisho, wakaondoka na ushindi wa 37-31. Mahomes hakuugusa mpira katika muda wa ziada. Chiefs wakapendekeza sheria ibadilishwe ili kila timu ipate zamu. Haikupita. Miaka mitatu baadaye, sheria waliyotaka kuiondoa ndiyo iliyowapa ushindi dhidi ya Bills.

Je, wangekataa? Wangempa Allen mpira kwa hiari? Hakuna anayetarajia hivyo. Mimi pia sikuikataa kazi. Kodi ya nyumba ingelipwa na nani? Sioni kwamba kunufaika na sheria mbovu ambayo hukuitunga ni wizi. Lakini naona kunakuachia deni. Tuna msemo kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, na ndio tunaotumia kumnyamazisha kila anayelalamika baada ya kupoteza. Tunamwona ana uchungu tu. Kwa hiyo anayeweza kuikosoa sheria na akasikika ni yule iliyempendelea. Na yeye ndiye asiye na haraka ya kusema.

Machi 2022 wamiliki wa timu walipiga kura, 29 kwa 3. Katika mtoano, timu zote mbili zitapata mpira, hata kama ya kwanza imefika eneo la mwisho. Mwaka wa 2025 utaratibu huo ukaenda hadi mechi za kawaida, ingawa huko muda wa ziada ni dakika 10 na sare bado inawezekana.

Ningependa kukuambia kwamba haki ilipatikana na shida ikaisha. Lakini Februari 2024, huko Las Vegas, fainali ya Super Bowl ikafika muda wa ziada chini ya sheria mpya. San Francisco 49ers walishinda sarafu, wakachagua kuanza na mpira, wakapata pointi 3. Chiefs walipopewa zamu yao walijua kabisa wanahitaji nini, maana wa pili husoma mtihani ambao wa kwanza ameshaujibu. Wakafika eneo la mwisho, 25-22. Baadaye baadhi ya wachezaji wa 49ers walisema hawakujua kwamba sheria ilikuwa imebadilika. Wenzao wa Chiefs walisema walikuwa wameizungumzia tangu kambi ya mazoezi. Bahati haikufukuzwa mjini. Ilihamia mtaa mwingine, na ujuzi wa sheria ukawa nao ni mali.

Hata hivyo, nikilinganisha kushindwa kwa 49ers na kule kwa Allen, naona tofauti ambayo siwezi kuipuuza. 49ers wana cha kubishania usiku. Wangeanza kulinda? Wangejaribu kufika eneo la mwisho badala ya kupiga teke? Kushindwa kwao kulikuwa kwao, kumejaa maamuzi yao. Allen alibaki na sarafu tu. Labda hicho ndicho kiasi ambacho sheria ya haki inaweza kumpa mtu. Haiwezi kumwahidi ushindi, wala haiwezi kuimaliza bahati. Inaweza tu kuhakikisha kwamba akishindwa, atakuwa alikuwepo.

Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, niliketi upande ule mwingine wa meza. Walikuja watu 11. Wa nne alikuwa moto kabisa, na mkubwa wangu akafunga faili, akasema, “Huyu anatosha, wengine waende.” Niliomba tuwasikize wote. Tulimaliza saa mbili usiku, njaa inatuuma, hakuna anayenisemesha. Kazi akapewa yule wa nne. Mkubwa wangu akanitazama ile ya si nilikuambia, na sikuwa na jibu.

Nilipokuwa natoka nilimkuta wa mwisho, kijana wa kozi moja na mimi, bado anangoja matatu kituoni. Akaniambia, “Boss, lile swali la pili limenishinda. Naenda kulisoma.”