Mvua Ikija, Nguo za Jirani ni za Nani?

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho huwa sikichoki: kuanua. Ukianika nguo, kazi bado haijaisha. Umeliachia jua sehemu yake, na iliyobaki ni kuanua. Ni kama kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, tendo la pili linasubiri ndani ya lile la kwanza. Tofauti ni kwamba anayefunga mlango kwa kawaida ndiye anayeufungua. Anayeanika, mara nyingi sana, siye anayeanua.

Swali langu linaanzia hapo. Wingu limetanda. Nguo za jirani ziko kwenye kamba, na mwenyewe yuko shambani au kaenda sokoni Omurushaka. Wewe umekaa barazani. Hivi una wajibu wa kuzianua? Au ukizianua umemfanyia hisani tu, na ukiziacha hakuna wa kukulaumu?

Huku Karagwe na Kyerwa swali hili si la darasani. Mvua za vuli zinaanza Septemba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mwaka. Asubuhi ukungu umelala mabondeni, jua linatoka saa nne, na saa tisa alasiri mvua ishafika. Nguo ina saa tano za kukauka, wakati mwingine tatu. Na kamba zetu nyingi zimefungwa kati ya nyumba na kibanja, ambako upepo ukivuma shuka inakwenda kujifuta kwenye mgomba. Doa la utomvu wa mgomba kila mtu huku analijua, na anajua kwamba sabuni hailitoi. Nguo ikianguka kwenye nyasi mbichi kuna jambo jingine: yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu, na mabuu yake huingia kwenye ngozi ya mvaaji. Ndiyo maana bibi zetu walisisitiza kila nguo ipigwe pasi, hata ile ya kulalia.

Kwa hiyo tusiseme "ni nguo tu, zitakauka kesho." Kuna mtoto mwenye sare moja ya shule. Isipokauka leo, kesho atavaa mbichi au atabaki nyumbani.

Sasa, anayesema ni hisani ana hoja zake, na si nyepesi. Sikuombwa, atasema. Silipwi. Na nikigusa nguo za mtu, siku soksi moja ikipotea nitaulizwa mimi. Aliyewahi kuishi nyumba ya kupanga yenye wapangaji sita na kamba moja anajua kwamba watu wamewahi kununiana miezi kwa sababu ya foronya. Na kuna suala la staha. Nguo za ndani tunazianika chini ya kitenge kwa makusudi, zisionwe. Jirani akija kuanua, anaona.

Pamoja na hayo, mimi nasema ni wajibu. Sisemi hivyo kwa sababu ya "utamaduni wetu", neno ambalo siku hizi linafunika kila kitu bila kueleza chochote. Ni wajibu kwa sababu tatu zikikutana: wewe unaliona wingu na mwenzako halioni, wewe unaweza kufika kwenye kamba na yeye hawezi, na gharama yako ni ndogo kuliko hasara yake. Ukimwona mtu anataka kukanyaga msumari, husubiri akuombe ndipo umwambie. Ila wajibu huo una mpaka. Anua, weka kwenye kiti, rudi kwako. Kukunja si kazi yako, na kupekua mifuko ndiyo kabisa.

Ningeishia hapo, tungekuwa na insha nzuri ya kusifu ujirani. Tatizo ni kwamba sifa hizo mara nyingi zinatolewa na watu wanaoondoka nyumbani saa moja asubuhi. Tuulize: saa tisa alasiri, nani yuko uani? Ni binti wa kazi. Ni mama mwenye mtoto mchanga. Ni bibi ambaye miguu haimpeleki tena shamba. Wajibu tuliousema ni wa wote, kila siku unawaangukia hao hao. Binti anaanua kamba nne, mtoto mgongoni, maharage jikoni yanaungua, na jioni hakuna anayemuuliza jina. Ujirani ambao mzigo wake unabebwa na mtu mmoja ni kazi isiyo na mshahara, tumeipa jina zuri tu.

Ndiyo maana siwezi kuicheka mashine ya kukaushia nguo, ingawa huku kwetu ni wachache walio nayo. George T. Sampson, Mmarekani mweusi, alipata hataza ya kifaa cha kukaushia nguo kwa joto la jiko mwaka 1892. Hizi za umeme tunazoziona leo zilienea majumbani Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Ahadi yake ni kwamba hutaliangalia wingu tena. Kwa binti wa kamba nne, hilo si jambo dogo.

Lakini ile kazi ya kuangalia haikufutwa, imehamia ndani. Mashine inazungusha nguo kwenye ngoma, inapitisha hewa ya moto, hewa inatoka na maji pamoja na nyuzi ndogondogo. Nyuzi hizo ni nguo yenyewe, inaliwa kidogo kidogo. Kichujio kinazinasa, na kinatakiwa kusafishwa kila baada ya raundi moja. Usipokisafisha, kwanza nguo zinachelewa kukauka. Hapo wengi wanaongeza dakika badala ya kufungua kichujio. Halafu bomba la kutolea hewa nalo linaziba, joto linapanda, fyuzi ya joto inakatika. Ngoma inazunguka, hewa ni baridi. Fundi wa haraka anabadilisha fyuzi, analipwa, anaondoka, na baada ya muda anaitwa tena. Fundi mzuri anaanza na bomba, maana fyuzi haikuwa mgonjwa. Ilikuwa inatoa taarifa. Takwimu za zimamoto Marekani za mwaka 2008 hadi 2010 zilihesabu moto wa majumbani kama 2,900 kwa mwaka ulioanzia kwenye mashine hizi. Sababu iliyoongoza, asilimia 34, ni kutosafishwa.

Tofauti ni hii: nguo zikilowa kwenye kamba, mtaa mzima unaona. Kichujio kikijaa, hakuna jirani wa kukuonea kupitia ukutani. Mashine haikuondolei uangalizi. Inakuondolea waangalizi wenzako.

Na huko ilikozoeleka, imefanya kitu cha ajabu zaidi. Marekani kuna mitaa ambayo vyama vya wenye nyumba vinakataza kuanika nguo nje, eti inaonekana umaskini. Majimbo kama Florida na Vermont yamelazimika kutunga sheria za kulinda haki ya mtu kutumia jua. Tusidhani tuko mbali. Nimeshasikia wenye nyumba wa mjini wakisema kuanika mbele ya nyumba ni ushamba.

Basi jibu langu ni hili: kuanua nguo za jirani ni wajibu, lakini ni wajibu wa kuulizana. Ukirudi jioni ukakuta nguo zako kwenye kiti, uliza nani ameanua. Mjue kwa jina. Na siku yako ya kubaki nyumbani, uwe wewe.

Limebaki swali moja ambalo sijalimaliza. Siku mashine itakapofika kwenye ua wenye wapangaji sita, mvua imenyesha siku tatu, na mama wa jirani amesimama mlangoni na sare moja mbichi. Raundi moja inakula kama uniti 3. Mteja wa TANESCO wa matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mwisho uniti 75 kwa mwezi; raundi 25 zinazimaliza zote kabla hata hujawasha taa. Kwenye kamba, wema uligharimu hatua kumi za kutembea. Sasa utasomeka kwenye LUKU. Je, utaipokea ile sare? Na ukiipokea, utamdai mia tatu?