SADAKA YENYE KUENDELEA NA PAMPU ILIYOSIMAMA



Mtu afiwa na mamake. Atoa mali yake, achimbisha kisima katika nchi kavu, atia pampu ya mkono, na juu ya saruji aandikisha jina la marehemu. Siku ya kufunguliwa watu wala pilau na dua yasomwa. Mwaka haujaisha, mpira wa ndani ya pampu umelika, na wanawake wamerudi kufukua mchanga wa mto. Je, sadaka ile ingali ikiendelea, au imesimama pamoja na pampu?

Swali hili tulilizungumza katika darasa letu, na lililotuamsha si kitabu cha fiqhi, bali ni khabari za Kitui na Makueni. Nchi hizo za Ukambani mvua zake ni mbili kwa mwaka, na mara nyingi hazitimii. Mito yake kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, na miongoni mwao wanafunzi wa shahada za juu, walikwenda Kyuso, upande wa kaskazini wa Kitui, kuzichungua pampu. Sisi tumezoea kuhisabu visima vilivyochimbwa. Wao walihisabu siku ambazo pampu mbovu hulala bila ya kutengenezwa. Wakaona kuwa ni siku 27 kwa kadiri. Basi wakatia ndani ya mkono wa pampu chombo kidogo chenye kuhisabu unavyopanda na kushuka, na kupeleka khabari kwa njia ya simu, na fundi akawekwa tayari. Katika majaribio ya mwaka 2013 siku zile 27 zikapungua hata zikawa chini ya tatu.

Lakini fundi ana ujira wake, na vyuma vina bei. Hapo ndipo lilipozuka suala la fedha. Ikaundwa kampuni ya mafundi, FundiFix, yenye kufanya kazi Kitui na pia Kwale, jirani zetu. Wanakijiji hulipa kidogo kila mwezi; kwa kuwa malipo hayo hayatoshi, upungufu hujazwa na mfuko wa amana, na wako wafadhili wasiotoa mpaka waone kuwa maji yametoka. Makueni nako, mwaka 2015, serikali ya kaunti iliweka kanuni ya kutenga sehemu moja katika mia ya fedha zake za maendeleo kwa ajili ya kukabili mabadiliko ya hali ya hewa, na kamati za raia katika wadi zikapewa kuchagua kazi za kufanywa.

Wasomi huyaita haya njia mpya za fedha. Sisi twasema kuwa asili yake tunayo. Sayyidna Uthman alikinunua kisima cha Ruma, Madina, akakiachia watu wote. Na mafakihi walipoziandika hukumu za wakfu walisema kuwa pato lake lianze kwa kuutengeneza wakfu wenyewe, kabla ya kugawiwa wenye haki. Walijua kuwa kitu kisichotengenezwa hufa, na haki za watu hufa nacho.

Wako watakaotujibu: maji ni ya watu wote kwa shirika, vipi yatozwe fedha? Kweli, maji ya mto na ya ardhini ni ya shirika, na mwenye kiu hazuiliwi. Lakini kinacholipwa si maji, ni ujira wa fundi. Hata hivyo, hoja yetu hii ina mpaka wake. Mjane asiye na kitu akifungiwa pampu kwa kukosa ada ya mwezi, shirika limevunjwa, na hapana hisabu ya mtaalamu yeyote itakayohalalisha. Fungu la mjane huyo ni juu yetu. Fukara na maskini ndio wa mwanzo kutajwa katika wenye kustahiki zaka. Na apewe mkononi mwake, alipe kama jirani zake, asimame mbele ya pampu bila ya kuona haya. Wala mfuko usizalishwe kwa riba, na hali duka moja la wakfu mjini laweza kwa kodi yake kuitunza pampu ya Kibwezi.

Sasa tujitazame wenyewe. Nyumba ngapi za wakfu katika miji yetu zavuja, na kila mwaka twaanzisha jengo jipya? Sababu twaijua, ila hatupendi kuisema: anayejenga huandikwa jina lake, na anayetengeneza haandikwi. Hilo ni mlango wa ria, nasi tumeuacha wazi.

Ama lile swali letu, thawabu ziko kwa Mwenyezi Mungu, na nia ya mtu hatuihukumu. Lakini sadaka hiyo imeitwa yenye kuendelea kwa sababu manufaa yake yaendelea. Aliyeweza kuacha cha kuitengenezea, akaacha jina tu, ameitilia kasoro sadaka yake kwa mkono wake.

Basi anayetaka kuchimba kisima na aigawe mali yake mafungu mawili: moja achimbie, la pili anunulie kitu chenye pato la halali la kukitunzia. Na asiyeweza yote mawili, na atengeneze pampu ya mwenziwe iliyokufa. Jina lililo juu ya saruji si lake, lakini maji yatatoka.

Wa billahi taufiki.